Wachukuzi wa Mfalme Sulemani

Sisi tunaoishi Cheyo, katika Manispaa ya Tabora, tunaishi kando ya njia ya zamani. Wazee wetu husimulia kwamba miembe mikubwa inayotupa kivuli iliota pale watu wa misafara walipopumzika na kutupa kokwa. Ukitoka mjini asubuhi kwa baiskeli, jua halijawa kali umekwisha kufika Kwihara, kwenye tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Burton na Speke waliingia hapa Novemba 1857, nao wakaukuta mji wenye biashara yake, watu wake na watemi wake.

Mwaka jana vijana wa usharika wetu walituletea ombi. Mmoja wao alikuwa na tamthilia ya televisheni iitwayo King Solomon's Mines kwenye flashi, nao wakataka tuitazame pamoja wakati wa likizo, baada ya kipindi cha Biblia. Waliona jina la Sulemani wakadhani ni filamu ya Maandiko. Baraza la wazee liligawanyika. Wengine walisema ukumbi wa kanisa si banda la video. Wengine wakasema vijana wataitazama tu, na ni afadhali waitazame tukiwapo. Mwisho tulikubaliana kwa sharti moja: kwanza tukisome kitabu chenyewe. Tukapata nakala chakavu ya tafsiri ya Kiswahili, Mashimo ya Mfalme Sulemani, na nakala moja ya Kiingereza, tukasoma kwa sauti kila Jumamosi alasiri, tukikatiza kila palipohitaji maelezo.

Tunaandika haya kwa sababu kusoma huko kulitufundisha mambo ambayo hatukuyatarajia, na jambo moja kati ya hayo lilituaibisha.

Kitabu na wakati wake

Kitabu hicho kiliandikwa na Mwingereza H. Rider Haggard, kikachapishwa London Septemba 1885. Alikuwa amekaa Afrika Kusini akiwa kijana, katika utumishi wa serikali ya Kiingereza. Inasimuliwa kwamba alibishana na ndugu yake kuhusu Treasure Island, kitabu cha hazina kilichosifiwa sana wakati ule, akaapa kwamba angeweza kuandika kilicho bora zaidi.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwindaji Allan Quatermain, pamoja na Sir Henry Curtis na Kapteni Good, wanakwenda kumtafuta ndugu wa Curtis aliyepotea akitafuta almasi za Mfalme Sulemani. Wana ramani iliyochorwa kwa damu na Mreno aliyekufa njiani karne tatu kabla yao. Wanavuka jangwa na milima yenye theluji, wanafika nchi ya Wakukuana inayotawaliwa na mfalme katili Twala, na nyuma ya Twala yuko bibi kizee Gagool, ambaye hakuna ajuaye umri wake. Mtumishi wao Umbopa anageuka kuwa Ignosi, mrithi halali wa kiti. Vita vinapigwa, Twala anauawa, na wageni wanaonyeshwa chumba cha hazina, ambamo nusura wafie wamefungiwa katikati ya almasi wasizoweza kula wala kunywa.

Tuliwaomba vijana waitazame tarehe. Mkutano wa Berlin ulianza Novemba 1884 ukamalizika Februari 1885. Mtemi Mirambo wa Urambo, jirani yetu, ambaye kwa miaka mingi aliishika njia ya misafara mkononi mwake, alikufa Desemba 1884. Yaani kitabu hiki kilitoka wakati ule ule Afrika ilipokuwa inagawanywa mezani. Wasomaji wa Ulaya waliambiwa kwamba ndani ya bara hili mna hazina isiyo na mwenyewe, iliyoachwa na mfalme wa kale asiye Mwafrika, na inamngoja mwenye ujasiri wa kuifuata. Sisi hatusemi Haggard alikusudia kuitumikia siasa. Tunasema hadithi huandaa moyo, na moyo ukishaandaliwa mkono hufuata.

Tafsiri ya Kiswahili ilitoka mwaka 1929, kazi ya Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa Kamati ya Lugha iliyosimamia Kiswahili sanifu katika nchi za Afrika Mashariki. Mwaka mmoja kabla, mkutano wa Mombasa ulikuwa umechagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili hicho. Basi hadithi ya Waingereza watatu na almasi zao imo miongoni mwa vitabu vya kwanza vya riwaya vilivyochapwa katika Kiswahili sanifu.

Dhahabu ya Ofiri

Swali la kwanza la vijana lilikuwa rahisi: je, mashimo hayo yalikuwapo? Tukafungua Biblia. Maandiko yanasimulia kwamba Sulemani alituma merikebu kutoka Esion-geberi hadi Ofiri, zikarudi na talanta 420 za dhahabu (1 Wafalme 9:26-28), na kwamba merikebu nyingine zilileta dhahabu, fedha, pembe za ndovu, nyani na tausi (1 Wafalme 10:22). Hayaonyeshi Ofiri iko wapi. Hayasemi habari za shimo la almasi Afrika. Hayo ni nyongeza ya watu.

Nyongeza hiyo ina historia ndefu. Wareno waliofika pwani ya Sofala walidhani wamefika Ofiri. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye kuta za mawe za Great Zimbabwe akaamini kwamba ni kazi ya watu wa Sulemani na Malkia wa Sheba. Kwa miaka mingi wengi walikataa kuamini kwamba Waafrika waliweza kujenga vile. Mtaalamu David Randall-MacIver alipochimba mwaka 1905 alisema ni kazi ya Waafrika, lakini mabishano hayakwisha. Mwaka 1929, ule ule wa tafsiri yetu ya Kiswahili, Gertrude Caton-Thompson alichimba tena, akathibitisha kwamba waliojenga ni Waafrika wenyewe. Mwaka 1980 nchi huru ikajiita kwa jina la kuta hizo.

Hapa kuna fundisho la imani. Jina la mtu wa Biblia lilitumika kuwanyang'anya watu kazi ya mikono ya babu zao. Hilo ni kulitaja bure jina takatifu, hata kama anayelitaja ameshika Biblia mkononi.

Nasi wa Tabora tusijione tumepona. Kila baada ya muda tunasikia habari za watu wanaochimba usiku kando ya majengo ya kale, wakitafuta mali ya Wajerumani. Uvumi huo una mzizi wa kweli. Mwaka 1916, vita vilipowabana, Wajerumani walipiga sarafu hapa hapa Tabora, zikiwamo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, takribani 16,000, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Kutoka hapo hadithi imekua: masanduku, ramani, alama kwenye mawe, mganga anayejua pa kuchimba. Wako waliouza ng'ombe ili wamlipe mwenye ramani. Tulipofika kwenye ramani ya damu ya yule Mreno, kijana mmoja alisema, "Mchungaji, hii ndiyo ile ya mjomba wangu," watu wakacheka. Mjomba huyo hakupata kitu.

Watu waliojifanya miungu

Katika kitabu, wageni wale wanapokutana na Wakukuana wanasema wametoka kwenye nyota. Kapteni Good amenyoa upande mmoja tu wa uso, ana meno ya bandia yanayotoka na kurudi, ana kioo jichoni, na miguu yake meupe iko wazi. Wenyeji wanastaajabu. Baadaye, kwa kuwa wana kalenda inayotaja siku ya kupatwa, wanatangaza kwamba wao ndio wanaoizima mbingu. Katika chapa za mwanzo lilikuwa jua. Baadaye Haggard akabadili ukawa mwezi, maana hesabu ya jua haikuwa sawa.

Vijana walifurahia sana sehemu hiyo. Tuliwaacha wafurahi, kisha tukasoma Matendo ya Mitume 14. Paulo na Barnaba walipomponya kiwete kule Listra, watu walipiga kelele kwamba miungu imeshuka katika sura ya wanadamu, wakaleta ng'ombe wa kuchinja. Mitume wangeweza kunyamaza. Ingewafaa kwa chakula, kwa usalama na kwa kazi yao pia. Badala yake waliyararua mavazi yao, wakakimbilia kati ya watu wakisema wao ni binadamu tu.

Tukauliza: ni lipi kati ya hayo mawili tunaloliona leo? Kuna watumishi wanaojua jambo la kawaida, kama wale wenye kalenda, na kulifanya lionekane muujiza wao. Nasi wachungaji tuliosoma chuo cha theolojia hatuko nje ya swali hili. Mara ngapi tumeachia watu waogope elimu yetu badala ya kuwagawia?

Kuna na neno la Ignosi mwishoni mwa kitabu. Akiwaaga wageni, anasema hataruhusu wafanyabiashara waingie nchini mwake na bunduki na pombe, wala watu wa sala wanaotia watu hofu ya kifo. Tuliposoma hapo kulikuwa na ukimya. Ni Mwingereza aliyeandika maneno hayo, lakini aliyeyasema ni mfalme Mwafrika, na wanaokataliwa ni sisi. Mzee mmoja alisema, "Kama Injili tuliyoleta ni hofu tu, mtemi huyo alikuwa na haki." Hatukuwa na la kuongeza.

Bibi kizee wa hadithi na bibi zetu

Sasa tunafika kwenye aibu yetu.

Katika sura ya kutisha kuliko zote, Gagool na wanawake wenzake wanawanusa wachawi. Watu wamekusanyika usiku mbele ya Twala. Mwanamke anacheza, ananusa, anamgusa mtu, na mtu huyo anauawa papo hapo. Wanaoguswa ni wenye ng'ombe wengi, au wasiopendwa na mfalme. Sir Henry anamtaka Umbopa aahidi kwamba akipata kiti atakomesha jambo hilo na hakuna atakayeuawa bila hukumu, naye anaahidi.

Lakini Gagool mwenyewe ameandikwa kwa namna ya kuchekesha na kuchukiza: mkunjano mtupu, kama nyani, macho yakiwaka. Msomaji wetu wa siku hiyo alikuwa hodari wa kuigiza sauti. Akamwigiza bibi, ukumbi ukaangua kicheko, nasi tukacheka pamoja nao. Nyuma, karibu na mlango, alikaa bibi mmoja wa usharika ambaye huja kwenye kila kipindi kwa sababu nyumbani hushinda peke yake. Akainuka taratibu, akachukua khanga yake, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala Jumapili.

Tulipomtembelea tuliyajua tuliyopaswa kuyajua zamani. Alikuja mjini kuishi na mjukuu wake kwa sababu kijijini kwao mtoto wa jirani alikufa, na macho yake yeye ni mekundu. Ni mekundu kwa moshi wa jiko la kuni la miaka hamsini. Walianza kumwita majina. Halafu akakuta mlangoni pake alama ambayo kila mtu kijijini anajua maana yake. Shamba lake sasa linalimwa na wengine. Akatuuliza swali moja: "Huyo bibi wa kitabuni, naye hakuwa na wajukuu?"

Katika mikoa yetu ya magharibi na kanda ya ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa miaka mingi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba, mifugo au urithi. Hasa kuanzia mwaka 2007 tuliona pia ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo, kwa sababu kuna walioamini kwamba utajiri umefichwa ndani ya mwili wa mtu. Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa kienyeji. Sheria ya uchawi tunayo tangu mwaka 1928. Hatukukosa sheria. Tulichokosa ni moyo usioamini kwamba bibi mwenye macho mekundu ni adui, na kwamba hazina hufunguliwa kwa damu. Imani hizo mbili zimo ndani ya kitabu hiki kama mchezo. Hapa kwetu watu wamekufa kwa ajili yake.

Hatukukitupa kitabu. Tulirudi kwenye ukurasa ule ule, tukausoma upya bila kuigiza, kisha tukasimama mbele ya usharika tukakiri kwamba tulicheka pasipostahili kicheko. Mchungaji alikiri kwanza.

Wachukuzi

Baada ya hapo tulisoma kwa macho mengine, tukaanza kuwatafuta watu wanaopita haraka kwenye kurasa. Ventvögel anakufa kwa baridi mlimani. Khiva anakufa akimwokoa Kapteni Good mbele ya tembo aliyejeruhiwa. Hadithi inawasikitikia kidogo, inaendelea.

Sisi tu wajukuu wa wapagazi. Wanyamwezi walibeba pembe na vitambaa, mzigo wa kilo 30 hivi begani, mwendo wa miezi mitatu kati ya hapa na pwani. Kwenye njia hiyo hiyo walipita watumwa waliofungwa minyororo. Mwaka 1873, Livingstone alipofia kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa katika shule ya misheni India, ndiye aliyesoma ibada ya maziko na kuchonga maandishi kwenye mti. Oktoba walifika hapa Unyanyembe, wakamkuta Cameron, ofisa Mwingereza, akawashauri wauzike mwili hapa hapa. Wakakataa. Waliufikisha Bagamoyo Februari 1874, baada ya mwendo wa miezi kama tisa. Alipozikwa Westminster Abbey Aprili 18, Wainwright alikuwapo. Susi na Chuma walifika Uingereza maziko yamekwisha kupita.

Basi safari ya ajabu kuliko ile ya Quatermain ilipita karibu na milango yetu, bila almasi hata moja.

Tukarudi tena kwenye Biblia, na safari hii tukaona tulichokuwa tukiruka. Tunajua hekima ya Sulemani na dhahabu yake. Lakini imeandikwa pia kwamba alikuwa na wachukuzi wa mizigo 70,000 na wachongaji wa mawe 80,000 milimani (1 Wafalme 5:15), na kitabu cha Mambo ya Nyakati kinasema walikuwa wageni waliokaa katika nchi ya Israeli (2 Mambo ya Nyakati 2:17-18). Aliwatia watu shokoa. Alipokufa, watu walimwendea mwanawe kumwomba aifanye nyepesi kongwa ya baba yake. Rehoboamu akakataa, na msimamizi wa shokoa akapigwa mawe hadi kufa (1 Wafalme 12). Ufalme ukapasuka. Haukupasuliwa na adui wa nje. Ulipasuliwa na mizigo.

Maandiko hayakuwaficha wachukuzi. Haggard aliwaacha njiani. Mwandishi wa Wafalme aliwahesabu.

Tulipoitazama

Mwisho tuliitazama tamthilia. Ni ya mwaka 2004, ya sehemu mbili, Patrick Swayze akiwa Quatermain. Umbopa amechezwa na Mkenya Sidede Onyulo, na vijana walishangilia kumwona mtu wa kwetu. Waliona wenyewe yaliyobadilishwa. Kuna mwanamke anayemtafuta baba yake, ambaye kitabuni hayumo. Filamu ya mwaka 1950, iliyopigwa kwa sehemu katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, nayo ilikuwa imeongeza mwanamke. Hawakuhitaji tuwaambie la kufikiri. Kila msafara ulipopita kwenye kioo, kuna aliyesema, "Hesabu wachukuzi." Binti mmoja wa kipaimara akauliza kwa nini Umbopa, aliye mfalme, alikubali kubeba mzigo wa watu wengine njia nzima.

Tukamjibu kwa Wafilipi 2. Tunaye Mfalme aliyetwaa namna ya mtumwa, wala hakujifanya hivyo ili siku moja aiteke hazina. Alibeba msalaba, akafia chini ya mzigo usio wake. Anayetaka kumwona amtafute kati ya wabebao.

Ndugu msomaji, kama vijana wako wanataka kutazama hadithi za namna hii, usiwafungie mlango. Kaa nao, msome kwanza, na mkicheka tazameni nani aliye karibu na mlango.

Bibi yetu amerudi kwenye benchi lake. Mashauri ya shamba lake yako kwenye baraza la ardhi, na wazee wawili wa usharika humsindikiza kila anapoitwa. Tunaomba mtuombee katika jambo hilo.